Pua inakataa kona: jibu kwa kijana wa Likoni mwenye Swift Sport

Swali: Ami, shikamoo. Nina Suzuki Swift Sport ya mwaka 2017, ile ya turbo, gia za mkono, niliitoa bandarini 2024. Mwezi ujao wenzangu wamenialika siku ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio huko Athi River na hii ni mara yangu ya kwanza. Juzi nililijaribu gari kwenye kiwanja cha lami cha mtu tunayejuana, tukapanga koni. Nikiingia kona kwa kasi gari halikati. Nazungusha usukani, lakini linakwenda moja kwa moja kama feri. Nikiongeza mafuta linazidi. Nimeweka akiba shilingi laki moja na nusu. Wenzangu wasema ninunue egzosi, filta ya wazi na chipu ya kompyuta ya injini nipate nguvu. Wewe wasemaje?

Marahaba, mwanangu. Hiyo laki na nusu ikunje uirudishe mfukoni, na hao wa egzosi waambie wangoje.

Siku ukivuka feri asubuhi, pita Marikiti, usimame kando dakika kumi umtazame hamali wa mkokoteni. Yeye yuko mbele, katikati ya ile mikono miwili ya mbao, na mzigo wote uko nyuma yake. Ndiye anayevuta na ndiye anayegeuza. Akiteremka, ndiye anayezuia, kwa nyayo zake mbili na ndara zilizochongwa kwa tairi kuukuu. Sasa mwangalie anavyoingia uchochoroni na magunia sita ya viazi. Kwanza anapunguza mwendo akiwa bado ameelekea mbele, visigino vimeng'ang'ania chini, mgongo umelala nyuma. Mkokoteni ukitulia ndipo anapinda. Akishapinda na njia ikafunguka mbele yake ndipo anavuta tena. Hutamwona akizuia, akipinda na kuvuta kwa pamoja. Akithubutu, ndara zinateleza na mzigo unampeleka unakotaka wenyewe.

Gari lako ndilo mkokoteni huo. Injini iko mbele, giaboksi iko mbele, na katika kilo 970 za Swift hiyo zaidi ya asilimia 60 zimeilalia ekseli ya mbele. Tairi mbili za mbele zinavuta, zinageuza, na zinabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Zile za nyuma zinafuata tu, kama mtoto aliyeshikwa mkono. Na tairi ina kiasi chake cha kuishika lami. Ukikitumia chote kwa breki, cha kupindia hakibaki. Wewe uliingia na kasi, ukazungusha usukani, gari halikukata, ukazidi kuzungusha, halafu ukakanyaga mafuta. Umemwagiza hamali apinde na avute kwa wakati mmoja, tena akiwa na kasi, na sasa marafiki zako wanataka umwongezee magunia.

Nguvu unayo ya kutosha. Injini yako ni ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140, na nguvu yake ya kusokota ya Nm 230 inaamka mapema, mizunguko 2,500 tu kwa dakika. Maana yake ni kwamba ukitoka kona gia ya pili na ukakanyaga ghafla, turbo inaimwaga yote kwenye tairi zilizokwisha kuelemewa. Tena Swift hiyo imetoka kiwandani na difu (zile gia zinazogawa nguvu kati ya tairi ya kushoto na ya kulia) ya kawaida, isiyobana. Katika kona gari linaegemea nje, tairi ya ndani inabaki nyepesi, na difu ya kawaida inaiachia tairi nyepesi ndiyo izunguke bure. Utasikia inalia na utanusa mpira, na gari haliendi. Chipu itaiongeza ile harufu tu. Na kuna jambo ambalo wauza chipu hawakuambii: Suzuki waliitengeneza gari hiyo Japani inywe petroli ya okteni ya juu. Hapa kwetu jaza ile bora unayoipata, na usiiongezee turbo presha kabla hujajua injini inavumilia nini katika jua la adhuhuri.

Pesa zako ziende kwenye breki na tairi. Nianze na breki, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipofunzwa adabu.

Miaka mingi nyuma nilipanda bara na Honda Civic yangu, nimeiosha, nimeipaka nta, najiona bingwa. Kabla ya safari niliipeleka gereji moja hapa mjini nikamwambia fundi aangalie breki. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachungulia, akasema, "Yamejaa, hayana neno." Kweli yalikuwa yamejaa. Lakini rangi yake ilikuwa ya strungi iliyolala usiku kucha, na mimi sikujua kwamba rangi hiyo ni habari. Mzunguko wa kwanza uwanjani, raha. Wa pili na wa tatu, raha zaidi. Mzunguko wa nne, mwisho wa njia iliyonyooka, nikakanyaga breki na kanyagio likazama hadi sakafuni kama nimekanyaga sponji. Nilipiga mguu mara tatu upesi upesi, likapanda kidogo, nikateremsha gia, nikaishia kwenye nyasi mita chache kutoka kwenye mlima wa tairi kuukuu. Hakuna kilichovunjika ila majivuno.

Kilichotokea ni hiki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na sisi twaishi kisiwani, hewa yenyewe nusu maji. Mafuta mapya ya DOT 4 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji ya kadiri ya asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 5.1 yanaanzia 260 na yakilowa 180. Tofauti hiyo huioni ukienda Nyali na kurudi. Lakini piga hesabu hii: gari lako na wewe ndani ni kama kilo 1,050. Ukilishika kutoka kilomita 140 kwa saa hadi 60, joto linalozaliwa kwenye breki linatosha kuchemsha birika la maji la lita mbili. Mara moja tu hiyo. Uwanjani unafanya hivyo labda mara tano au sita kwa mzunguko, na birika zote zinamiminwa mahali pamoja, sehemu kubwa mbele. Mafuta yenye maji yanachemka ndani ya kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, mvuke unazaliwa, na mvuke unabonyea. Mguu wako unabonyeza mvuke badala ya pistoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya tairi: nunua lita moja ya mafuta mapya ya DOT 4 ya daraja la juu au DOT 5.1, kopo lililofungwa. Usikubali la nusu lililokaa wazi kwenye rafu ya fundi, hilo limeshakunywa hewa ya bahari. Mkae watu wawili: mmoja ndani anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua nati ya kutolea upepo, anaifunga, ndipo wa ndani anaachia. Aliye ndani akiachia kabla ya nati kufungwa, mmeingiza upepo na kazi inaanza upya. Endeleeni kila gurudumu mpaka kwenye mpira upite mafuta meupe kama maji ya madafu. Wakazi wa Pwani fanyeni hivyo kila mwaka hata kama gari halijui uwanja.

Magurudumu yakiwa yametolewa, mwambie fundi azivute pini zinazobebea kalipa. Chumvi ya hapa inazila. Pini iliyoganda inaiacha pedi moja ikisugua muda wote na nyenzake ikitazama, na joto linapanda upande mmoja bila wewe kujua. Zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, isiwe ya kawaida, ambayo inayeyuka na kuuvimbisha mpira. Diski zenye kutu ya juujuu zinajisafisha zenyewe. Zenye ukingo mrefu pembeni au nyufa, badilisha.

Pedi: za dukani zilizotengenezwa kwa mjini zinachoka haraka uwanjani. Jua kutofautisha maradhi mawili. Kanyagio likizama au likiwa laini, mafuta yamechemka. Kanyagio likiwa gumu, mguu umekaza kama jiwe lakini gari halisimami, hizo ni pedi zimezidiwa na joto. Kwa siku yako ya kwanza tafuta pedi za mbele za daraja la kati, zile zinazovumilia uwanja lakini zinashika pia zikiwa baridi, kwa sababu utarudi nyumbani na gari hilohilo. Pedi za mashindano matupu zikiwa baridi hazishiki, na lori la njiani halitakusubiri uzipashe. Pedi mpya zizoeshwe kabla ya kuteswa: mara nane au kumi kutoka kilomita 80 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha uendeshe polepole zipoe. Fanya hivyo kwenye mizunguko ya mwanzo ya uwanjani kwenyewe. Usifanye kwenye daraja la Nyali saa mbili asubuhi, tafadhali.

Tairi sasa. Hapa ndipo zaidi ya nusu ya pesa zako iende. Chuchumaa kando ya gurudumu utafute tarakimu nne kwenye kidirisha kidogo ubavuni mwa tairi. Ikiwa 2317, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Magari mengi yanashuka melini na tairi zilizokuja nazo kutoka Japani, nazo zina meno marefu na zinang'aa, mwenye gari anafurahi. Mpira wake umeshakauka kama kaimati cha juzi. Ukikuta namba kama hiyo, basi sehemu ya ule ukaidi wa gari lako umeipata. Nunua nne mpya za saizi ileile, 195/45 rimu 17, za jina linalojulikana, za barabarani zenye mpira laini. Usikimbilie tairi za mashindano mwanzo. Zinashika sana kisha zinaachia bila kubisha hodi, ilhali tairi za barabarani zinalia kwanza, na mwanafunzi anamhitaji mwalimu anayepiga kelele. Na usiweke mpya mbele kuukuu nyuma kwa kuwa kazi yote ni ya mbele. Mvua ikikukuta Voi na nyuma kumekuwa kipara, mkia utakupita.

Upepo wa tairi una jambo ambalo watu wa Pwani hulisahau. Sisi tuko usawa wa bahari, Athi River iko karibu mita 1,500 juu. Kule hewa ya nje inakandamiza kidogo kuliko hapa, kwa hiyo geji inasoma zaidi kwa paundi mbili na nusu hivi ingawa hukuongeza kitu. Wakati huohuo asubuhi ya bara ni baridi, na baridi inashusha kipimo. Ukijaza 32 hapa jioni gari likiwa halijatembea, kule alfajiri yaweza kusoma 32 vilevile ukadhani hakuna kilichobadilika. Adhuhuri jua likiwaka, gari limesimama tu, inasoma 34. Kwa hiyo vipimo vya Mombasa viache Mombasa. Nunua geji yako mwenyewe, pima ukiwa kule.

Mimi ningeanza asubuhi na 28 au 29 mbele na 32 nyuma tairi zikiwa baridi. Baada ya mizunguko mitatu minne ya nguvu, za mbele zitapanda paundi sita au saba. Lenga 34 au 35 mbele zikiwa moto, na nyuma 36. Kisha usiiamini geji peke yake. Chukua kipande cha chaki, kile cha ubaoni, uchore mstari kutoka kwenye meno ya tairi kuvuka bega hadi ubavuni, sehemu tatu kwa kila tairi ya mbele. Tairi nyingi zina pembetatu ndogo begani, itafute kwa kidole. Ukirudi kutoka uwanjani, angalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika hadi kupita pembetatu na kuingia ubavuni, tairi inajikunja, ongeza paundi mbili. Ikibaki chaki juu ya bega, tairi ni ngumu mno, punguza. Ikifutika kwenye pembetatu hapohapo, iache. Kipande cha chaki hakizidi shilingi chache na kinasema kweli kuliko fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Halafu alaimenti, yaani jinsi tairi zinavyoelekezwa. Kuna kitu mafundi wanakiita kamba, wala si kamba ya kufungia wala kamba wa nazi. Ni ule mwinamo wa tairi ukiitazama kwa mbele. Gari likilala katika kona, tairi ya nje inasimama kwa ukingo wake wa nje na kuula. Ukiiinamisha kidogo ndani upande wa juu, digrii moja na nusu hadi mbili, basi katika kona inakaa bapa na kushika kwa upana wake wote. Shoki zako za mbele hazina nafasi kubwa ya kurekebisha, lakini kuna bolti maalumu zenye tumbo la duaradufu zinazotoa digrii moja na zaidi, na si ghali. Za nyuma ni za boriti moja, ziache. Ncha za mbele za tairi zitazame nje kiduchu, jumla ya milimita moja au mbili, pua itaitika mapema zaidi. Hiyo ndiyo pesa ndogo yenye faida kubwa kwa gari la kuvuta kwa mbele.

Kama kitabaki kitu, siku nyingine, tia stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Watu hushangaa: tatizo liko mbele, mbona dawa inapakwa nyuma? Gari likipinda, uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Ukikaza nyuma, sehemu kubwa ya uhamaji huo inabebwa nyuma, na ile tairi ya mbele ya ndani inabaki na uzito wa kuishikia lami. Ndiyo maana utaona magari ya kuvuta kwa mbele yameinua mguu mmoja wa nyuma katika kona kama mbwa aliyeona nguzo. Si ubovu. Lakini kwa sasa usiifunge, maana inaufanya mkia uwe mwepesi kutoka, nawe hujajifunza kuurudisha. Na mtu akikwambia ukate springi gari likae chini, ondoka hapo haraka. Springi iliyokatwa inaumaliza mwendo wa shoki, gari linagonga vizuizi katikati ya kona na tairi inarukaruka. Najua linapendeza pale Mama Ngina jioni.

Injini yako inahitaji machache tu: oili mpya ya daraja lililoandikwa kitabuni, maji ya kupozea injini yamejaa, mabomba ya turbo hayana ufa. Turbo itakusaidia kule juu. Hewa ya mita 1,500 ni pungufu kwa kama asilimia 15, na wenzako wa Honda zisizo na turbo watazililia zile farasi walizoziacha Mariakani. Yako itaziba pengo karibu lote, lakini kwa kufanya kazi zaidi, kwa hiyo itapata joto zaidi. Toa kila kisichofungwa ndani ya gari: spika ya buti, chupa za maji, na hasa kapeti la dereva. Nimeona kapeti limejikunja chini ya kanyagio la breki na sitaki kuliona tena. Isome pia bima yako, nyingi hazilipi ajali ya uwanjani.

Basi umefika, umevaa helmeti, umeingia. Kiti kisogeze mbele kuliko ulivyozoea: mabega yakiwa yameegemea, kiganja kifike juu ya usukani. Mikono iwe saa tatu na saa tisa. Ukiisoma saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, ni palepale. Kile kidude cha kulituliza gari, ESP, kiache kimewashwa siku nzima.

Breki ishike gari likiwa limenyooka, kwa nguvu mwanzoni, kisha mguu ulegee taratibu kadiri usukani unavyoanza kuzunguka. Usiiachie ghafla. Uzito uliolalia mbele wakati wa breki ndio unaozipa tairi za mbele meno, na ukiuachia ghafla pua inanyanyuka na kukataa. Hapo ndipo ulipokosea kwenye koni zako: ulifika na kasi, ukageuza hali pua haina uzito wa breki juu yake. Katikati ya kona ni mahali pa subira tu, mguu hauna kazi. Wenye magari ya kuvuta kwa nyuma wanacheza hapo, sisi tunangoja. Chelewa kuukaribia ukingo wa ndani, uufikie pale kona inapoanza kufunguka, utazame mbali unakotaka kwenda. Halafu ufikirie uzi umefungwa kati ya usukani na mguu wako wa mafuta: usukani unapofunguka kidogo, mguu unashuka kidogo. Ukijikuta unaongeza mafuta na mikono bado imepinda vilevile, umekanyaga mapema.

Pua ikikataa, mikono itakusihi uzungushe zaidi. Ikatalie. Tairi iliyopindwa kupita kiasi inakwaruza lami badala ya kuishika. Punguza mafuta kidogo, fungua usukani kidogo, ngoja kidogo, utaisikia imeshika tena mikononi. Inauma moyo kufungua usukani unapoelekea nje, lakini ndivyo.

Mkia nao ukitoka, na utatoka siku utakapoogopa katikati ya kona ya kasi ukaondoa mguu ghafla, usiguse breki. Geuza usukani kuelekea unakotaka kwenda, macho hukohuko, na mguu urudi kwenye mafuta kwa upole. Tairi za mbele zitalivuta gari linyooke, kama hamali anavyoukaza mkokoteni uliotaka kumpita. Dereva wa gari la kuvuta kwa nyuma akifanya hivyo anazunguka kabisa, sisi ndiyo dawa yetu.

Utawasikia watu wanaopiga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta, ili kuusukuma mkia. Erik Carlsson wa Uswidi aliifanya kazi hiyo na Saab 96, gari la kuvuta kwa mbele lenye injini ya chini ya lita moja, na mwaka 1964 alimaliza wa pili katika Safari Rally, wakati huo ikipita nchi zetu tatu. Ufundi mkubwa ule. Wewe mguu wako wa kushoto umezoea klachi, ukiupeleka kwenye breki utapiga paji la uso kwenye kioo. Mwaka ujao.

Ukitaka mazoezi kabla ya safari, nenda kaendeshe go-kati, vile vigari vidogo vya mbio, jioni mbili tatu. Inasukumwa kwa nyuma, kwa hiyo haitakufunza mambo ya pua, ila itakufunza kutazama mbali na kungoja.

Usiendeshe zaidi ya mizunguko mitano au sita kwa mara moja: mmoja wa kupasha, mitatu minne ya kweli, mmoja wa kupoza bila kugusa breki ila lazima. Ukirudi ulipoegesha, usivute hendibreki. Pedi za moto zikibana diski za moto zinaacha alama, na gari litatetemeka mpaka nyumbani. Weka gia ya kwanza, tia jiwe chini ya gurudumu, fungua boneti, uache injini ipumue dakika mbili kabla ya kuizima. Kisha chaki, geji, na nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu. Bendera zifuate bila ubishi, na gari la nyuma likitaka kupita lipishe.

Acha kucheza pedi zikiwa bado na theluthi, kwa sababu mbele yako kuna kilomita karibu 450. Ukisimama Mtito Andei kunywa chai, kabla hujaingia hotelini sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele zitakuwa na joto kuliko za nyuma, hiyo ni kawaida. Lakini ya kushoto na ya kulia zifanane. Moja ikiunguza zaidi ya mwenzake, kuna pini ya kalipa imeganda, endesha polepole na unipigie simu kabla hujafika Maungu. Na picha za chaki nitumie, tairi zote mbili za mbele, upande wa nje.